Nozeli ya Tano

Gari la Mzee Malimi lilianza kukataa kuwaka Jumanne moja ya Juni, mwaka sabini na sita, nami nikawa na hakika kwamba kabla ya saa nne litakuwa barabarani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na gereji yangu mwenyewe hapa Soweto, Mbeya: uwanja mweusi kwa oili, mabati manne juu ya nguzo, na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu, ISAKWISA FUNDI WA MAGARI YOTE. Neno la mwisho nilikuwa nimelipigia mstari.

Mzee Malimi alikuwa Msukuma aliyeteremka na ng'ombe wake kutoka kaskazini akatulia katika bonde la Usangu. Gari alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa analima tumbaku upande wa Iringa, siku Mzungu huyo alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Lilikuwa gari la Kifaransa, la zamani kidogo, na halikuwa na kabureta. Petroli yake ilisukumwa na pampu ikapulizwa kwenye injini kwa nozeli, kama lori la dizeli. Mbeya nzima sikupata kuona la pili. Sisi mafundi tulikuwa tukiliita Mfaransa.

Miaka mitatu lilikaa katika joto la Usangu, likiendeshwa na Jailos, Msafwa wa makamo, mtu wa maneno machache, asiyevua koti lake la kaki hata jua likichoma. Mei ile Mzee Malimi alihamia nyumba ya mjini ili watoto wasome, na Mfaransa akahamia naye. Basi Juni ikaja na baridi yake, ile ya kukuta majani meupe asubuhi, na gari likaanza ukaidi.

"Stata inapiga, haliwaki," Jailos aliniambia Jumanne ile, huku wanaume sita waliolisukuma wakihema nyuma yake.

Nikafungua boneti. Betri nzima. Plagi zina moto. Petroli inafika kwenye pampu na pampu inazunguka. Kila kitu kinachofanya injini iwake kilikuwepo, na injini haikuwaka. Nikachomoa plagi, nikazikaanga juu ya jiko la mkaa, nikazirudisha zikiwa za moto. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Saa nne na nusu, nilipokuwa nimekaa juu ya tairi nikilitazama tu, Jailos aliingia akagusa ufunguo, na gari likawaka pale pale, laini kabisa.

"Isakwisa, umeliimbia nini?" akapiga kelele mmoja wa wale waliosukuma.

"Halitaki fundi, lilitaka lilale mpaka saa nne!" akajibu mwingine.

Jumatano ikawa vile vile. Alhamisi vile vile. Asubuhi limekufa, saa nne limefufuka bila mimi kulifanyia lolote. Sikuelewa. Tena si kutoelewa kwa mtu aliyekosa jibu. Nilikuwa sijui hata swali ni lipi. Gari bovu ni bovu mchana na asubuhi, ndivyo nilivyolijua gari maisha yangu yote.

Ijumaa alikuja Mzee Malimi mwenyewe, na nyuma yake watu wa mtaa waliokwisha kusikia kwamba kuna kioja.

"Fundi," alisema, "kule Usangu gari hili liliwaka kama kibiriti. Huku kwenu limepatwa na nini?"

Nilitakiwa kujibu sijui. Ni neno fupi, mtoto wa darasa la kwanza analiweza. Lakini watu walikuwa wengi, kibao changu kilikuwa juu ya kichwa changu, na mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema.

"Petroli hii imechanganywa na mafuta ya taa," nikasema. "Mafuta ya taa hayawaki kwenye baridi. Injini ikipata joto, yanawaka."

Lilikuwa jibu zuri. Lilieleza asubuhi, likaeleza saa nne. Hata mimi lilinipendeza. Kisha nikaona macho yote yamegeuka kumtazama Jailos, maana siku zile za shida ya petroli hapakuwa na mtu asiyejua jinsi madereva fulani walivyokuwa wakinyonya petroli ya tajiri na kujazia mafuta ya taa.

"Mimi?" alisema Jailos.

"Sijataja mtu," nikasema.

"Umetaja. Ufunguo wa tangi anashika nani mwingine?"

Mzee Malimi hakupandisha sauti. "Jailos, Jumatatu tunakwenda Iringa kumchukua mama yenu hospitali. Tukirudi utanipa ufunguo."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwizi," polepole, kama anaonja chumvi. Jailos alisikia. Wote tulisikia. Dereva akishaitwa hivyo Soweto, neno linamtangulia Uyole, linamtangulia Tukuyu. Hakuna atakayempa hata trekta.

Jioni ile ile nilifanya jambo nililotakiwa kulifanya kabla ya kufungua mdomo. Gari na funguo zake viliachwa kwangu, basi nilichovya kijiti kwenye tangi la Mfaransa, nikadondosha matone mawili juu ya karatasi nyeupe ya sigara. Pembeni nikadondosha tone la mafuta ya taa kutoka kwenye taa yangu. Nikasubiri. Tone la taa likaacha doa la mafuta. Yale mawili ya petroli yakakauka, karatasi ikabaki nyeupe kama ilivyotoka dukani.

Petroli ilikuwa safi. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mfukoni, nisimwambie mtu.

Nilijidanganya hivi: nikishagundua ugonjwa wa kweli, nitausema, na yale ya mafuta ya taa yatajifia yenyewe. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili nilikesha macho makavu juu ya injini ile, nikipima kila kitu kinachopimika. Nilibadilisha koili. Nilisafisha chujio. Nilifungua nozeli nne za silinda nne, nikazipuliza kwa mdomo, zote nzima. Ile ya tano, iliyokaa peke yake juu ya bomba la hewa, sikuigusa, kwa sababu kesi yake niliimaliza mwaka jana. Oktoba ile Jailos alikuwa amelileta gari kutoka Usangu likinuka petroli, nikaukuta mpira unaoleta petroli kwenye nozeli hiyo unavuja. Silinda nne zina kazi gani na nozeli ya tano? Nikakata mpira wake, nikauziba kwa skrubu na klampu, nikazifunga nyaya zake kwa utepe. Mafundi wa Mbeya ndivyo tulivyofundishana: themostati toa, kila kidude kilichozidi toa, hayo Wazungu wameyaweka kwa ajili ya theluji yao. Na baada ya hapo gari lilitembea miezi saba bila kikohozi, tena likala petroli kidogo kuliko mwanzo. Mzee Malimi aliniletea kuku kwa kazi ile. Basi nitailaumuje?

Jumapili jioni nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilianza kuwaza mambo ya kijinga. Labda chumba cha injini kina unyevu. Labda gari limezoea hewa ya chini na huku juu linakosa pumzi. Labda ni mkono wa mtu. Nilikuwa mimi, fundi wa magari yote, nikiwaza uchawi.

*

Jumatatu Mzee Malimi akaniambia, "Panda. Asubuhi ya Iringa nani atalisukuma na kulitengeneza?"

Tukalisukumia mteremkoni. Likakataa mara mbili, ya tatu likatetemeka, likatoa moshi, likawaka kwa shida. Jailos aliendesha. Mzee alikaa mbele, mimi nyuma na kikapu changu cha spana.

Chimala ni chini, kuna joto. Tulikula wali, tukakaa zaidi ya saa nzima kwa sababu Mzee alikutana na watu wake wa ng'ombe. Tuliporudi garini Jailos aligusa ufunguo kwa kidole kimoja tu, akiniangalia kwenye kioo. Likawaka.

"Fundi," akasema, "mafuta ya taa yamekwenda wapi?"

Mzee Malimi ndiye aliyenijibia, kwa maneno yangu mwenyewe: "Injini ikiwa na joto yanawaka. Fundi alieleza."

"Alieleza," akasema Jailos. "Anaeleza vizuri sana."

Makambako Mzee akaamuru tangi lijazwe mpaka juu, akasimama mwenyewe kwenye pampu akitazama, ili kesho asiwepo mtu wa kusingizia petroli. Nilitazama pembeni. Karatasi ya sigara ilikuwa bado mfukoni mwangu, nikaigusa, nikaiacha.

Tulifika Iringa jua limeinama, tukapata nyumba ya wageni Mlandege. Kabla ya kwenda kulala Jailos alinifuata uani.

"Mimi si fundi," alisema. "Lakini kama mtu anaumwa, unamuuliza aliyekaa naye. Yule Mzungu alikuwa na mpishi, anaitwa Yudith. Ni mtu wa Tosamaganga, siku hizi anakaa hapa hapa Mlandege, anapikia shule. Siku tuliyokuja kununua gari, yeye ndiye aliyelitoa bandani."

"Mpishi?" nikasema. "Mpishi ataniambia nini mimi kuhusu injini?"

"Sijui. Wewe umeniambia nini mpaka sasa?"

*

Asubuhi Mfaransa alikuwa amefunikwa umande ulioganda kwenye kioo. Mzee Malimi, shuka juu ya koti na koti juu ya sweta, alisimama akisubiri kwenda hospitali ya Tosamaganga kwa mkewe. Jailos akapiga stata. Haikushika. Akapiga tena. Petroli mpya ya Makambako, tangi tele, na gari limekufa vile vile.

"Ile ya zamani bado iko chini," akasema Mzee, ila safari hii alisema kama mtu anayeuliza.

Jailos alizima ufunguo, akatoka, akaenda zake kwa miguu. Baada ya kitambo akarudi na mwanamke mwenye kilemba cha bluu, mnene, mwenye haraka, aliyeshika mwiko kana kwamba alitolewa jikoni uji ukiwa motoni.

"Kamwene," alitusalimu Kihehe, kisha akaenda moja kwa moja kwenye gari akalipiga ubavuni kwa kiganja. "Wee! Umezeeka! Nani kakukwaruza hapa?"

"Shikamoo mama," nikasema. "Mimi ndiye fundi."

"Marahaba baba. Unaonekana." Aliitazama mikono yangu, si uso wangu. "Haliwaki?"

"Haliwaki asubuhi. Mchana linawaka."

"Kwangu lilikuwa linawaka asubuhi. Shamba letu lilikuwa juu, mbele ya baridi yake hii ya hapa ni mchezo. Mimi ndiye niliyekuwa naliwasha kila siku, Bwana akiwa anakunywa kahawa. Mguu wake ulikuwa mbaya."

"Uliliwashaje?" Niliuliza kwa sauti ya mtu anayepoteza wakati.

"Si kwa ufunguo? Unazungusha, unahesabu moja mpaka tatu, basi." Akaingia bila kuomba, akakaa, mwiko magotini, akazungusha. Stata ikapiga. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaacha. Akainua pua kama anayeonja mchuzi kwa mbali.

"Hili si zima," akasema. "Halinuki."

"Halinuki nini?"

"Petroli. Asubuhi ya baridi ukizungusha, kwanza kuna kasauti kule mbele, fyuuu, kama mtoto anayepuliza uji. Halafu linanuka petroli, halafu linawaka. Mchana halifanyi hivyo, mchana linawaka kimya. Sasa hapa hakuna fyuuu, hakuna harufu. Mmelifanya nini?"

Nilikuwa nimekwisha kwenda mbele kufungua boneti, na miguu yangu ilikuwa imejua kabla yangu. Pale juu ya bomba la hewa, nozeli ya tano. Mpira wake umekatwa safi. Skrubu yangu. Klampu yangu. Utepe wangu mweusi, umefungwa kwa ustadi, mikunjo sawasawa, kazi ya mtu anayejipenda.

Inapuliza kwenye baridi. Mchana hailii kwa sababu mchana haihitajiki. Usangu hakukuwa na baridi ya kuidai, ndiyo maana nilipoiziba Oktoba hakuna aliyeona pengo lake mpaka gari lilipokuja kulala Soweto mwezi wa Juni. Kila kitu kilinijia kwa mkupuo, na bado sikuelewa. Nani anaiambia kwamba kuna baridi? Nikafuata nyaya kwa kidole, nikakuta kidude cha shaba, kidogo kama gololi, kimekazwa kwenye injini mahali maji yanapopita. Wiki nzima nilikuwa nikikiona. Kinajua baridi. Kipande cha shaba kinajua, mimi sijui.

Nilichomoa skrubu. Niliunga mpira kwa kipande nilichokuwa nacho kikapuni, nikakaza, nikafungua utepe, nikarudisha nyaya.

"Zungusha, mama."

Stata ikapiga. *Fyuuu.* Harufu ya petroli ikanipiga usoni. Moja, mbili. Mfaransa akawaka.

Yudith akapiga kigelegele kifupi, akashuka. "Haya, mimi nina watoto mia mbili wanangoja uji," akasema, akaondoka na mwiko wake. Hakujua alichokifanya, na hakungoja ashukuriwe.

Mzee Malimi alikuwa anacheka kwa furaha. Akanishika bega. "Ng'wanawane, mwanangu! Umelitibu!" Kisha akageuka, na kicheko kikapungua. "Unaona, Jailos? Petroli safi imefika chini, ile yako imekwisha. Fundi alisema kweli."

Jailos alikuwa akifuta kioo kwa mkono wa koti. Hakugeuka. Aliendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa pasafi.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Nasema wazi kwamba niliifikiria hiyo njia, na ilikuwa tambarare. Gari linawaka. Mzee ameridhika. Sifa ni zangu, na hakuna duniani aliyejua skrubu ile ilikuwa ya nani ila mimi. Nilishikwa na hasira, na sikujua hasira ile inamlenga nani.

"Hapana," nikasema. Ilitoka kama ukelele. "Hapana, Mzee. Petroli haikuwa na kitu."

"Nini?"

"Nozeli hii niliiziba mimi. Oktoba. Ulinipa kuku. Hii ndiyo inayoliwasha gari kwenye baridi, nami nikaiziba kwa sababu sikujua kazi yake, na sikujua kwamba sijui. Jailos hakuchanganya chochote."

Mzee Malimi aliitazama injini, akanitazama mimi. "Umejua leo?"

Ningeweza kusema leo. Kuhusu nozeli ingekuwa kweli.

"Nozeli nimejua leo. Petroli kwamba ni safi nilijua Ijumaa ile ile, jioni." Nikatoa ile karatasi, nikaikunjua. Tone la taa lilikuwa bado limeacha doa lake. Pembeni yake hapakuwa na kitu. "Niliipima baada ya kusema. Nikanyamaza."

Mzee Malimi alipozungumza, hakunisemesha mimi. "Jailos, ufunguo ni wako. Huyu unataka tumfanyeje? Tumwache hapa atafute basi?"

Jailos aliushusha mkono wa koti aliokuwa akifutia. Aliponigeukia sikuona hasira usoni mwake, nikatamani ningeiona, maana hasira naijua.

"Iringa hakuna aliyeniita mwizi," alisema. "Kusema hapa ni rahisi. Apande, twende naye. Pale gerejini kwake, mbele ya wale wale, aseme kama alivyosema Ijumaa. Kwa sauti ile ile nzuri."

Tulimchukua mke wa Mzee, mama Kalista, kule Tosamaganga, mguu wake umenyooka katika bandeji, akakaa nyuma nami akanisimulia habari za wadi njia nzima. Nilikuwa naitikia bila kusikia. Nilikuwa natafuta maneno. Mimi ambaye nikisimama harusini watu wananyamaza, nilipita Mafinga, Makambako, Chimala, Igurusi, bila kupata sentensi moja isiyokuwa na neno la kunitetea. Nikianza na "nilidhani," ninajitetea. Nikianza na "mafundi wote tunafanya hivi," ninajitetea. Kila mlango niliofungua, nyuma yake nilijikuta mimi nimesimama, nimevaa vizuri.

Jumatano asubuhi Jailos aliliwasha Mfaransa kule kwa Mzee kwenye baridi kali, akalileta gerejini linanguruma, akaliegesha katikati ya uwanja. Akashuka, akaegemea mlango, mikono ndani ya koti. Watu walikuwepo, wote wa Ijumaa na wengine zaidi. Yule aliyesema mwizi alikuwepo, anakula muhogo.

"Isakwisa, limepona!" akasema. "Na mwizi bado anaendesha?"

Nikapanda juu ya tairi ili wote wanione. Sikuwa nimepata maneno bado.

"Si mwizi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeliharibu, na nikamsingizia."

Mtu akacheka, akidhani ni utani. Nikarudia. Safari ya pili hakucheka mtu, na yule wa muhogo akaacha kutafuna. Jailos alinitazama kidogo, akaingia garini, akafunga mlango, akaondoka kuwapeleka watoto wa Mzee shuleni.